Kabla ya Kukodi Boti ya Kuvua Papa: Leseni, Hali ya Bahari na Samaki Anayepaswa Kuachiliwa

Na Mwandishi Wetu

Uvuvi wa burudani kwa boti za kukodi umekuwa sehemu ya shughuli za utalii katika mwambao wa Tanzania kwa miaka mingi. Boti hizo huondoka Dar es Salaam, Unguja, Pemba, Mafia na Tanga kabla jua halijapanda, zikiwa na nahodha, baharia mmoja au wawili na kundi dogo la wateja. Huelekea nje ya miamba, mahali ambapo kina cha maji hushuka ghafla, na kurejea alasiri au jioni. Nyingine huenda mbali zaidi, hadi Mkondo wa Pemba au kisiwa kidogo cha Fungu Kizimkazi, kipande cha ardhi kisichokaliwa na watu ambacho kwenye ramani nyingi huandikwa Latham.

Wateja wengi hulipia safari hiyo wakiwa na jodari, nguru, fulusi au nduaro akilini. Wapo wanaoomba waziwazi kupelekwa kwa papa. Hata hivyo, asiyemkusudia papa naye huweza kukutana naye. Jodari aliyenasa huvutwa kwa dakika 20, mshipi hulegea ghafla, na kinachofika ubavuni mwa boti ni kichwa kitupu. Aliyebaki na kiwiliwili yuko chini, na mara nyingine ndiye atakayeichukua ndoana itakayofuata.

Hapo ndipo maswali huanza. Je, papa huyo anaruhusiwa kupandishwa botini? Ni wa aina gani? Nani anaamua, mteja aliyelipa au nahodha? Anaachiliwaje bila mtu kukatwa kidole? Ukweli ni kwamba dakika hiyo si ya kutafuta majibu. Mteja anapiga kelele kwa furaha, simu zote zimeelekezwa majini, na samaki mwenyewe anazidi kuchoka. Majibu yanapaswa kupatikana nchi kavu, siku moja au mbili kabla, na makala haya yanaeleza ni yapi na hutafutwa wapi.

Jambo la kwanza ni kujua boti inakwenda kwenye maji ya mamlaka ipi. Sheria ya mwaka 1989 inayohusu bahari ya Tanzania imeweka mipaka miwili ambayo mteja wa kawaida haioni kwa macho. Bahari ya ndani ya mamlaka ya nchi hufika maili 12 za baharini kutoka mstari wa pwani, sawa na kilomita 22 hivi. Kutoka hapo hadi maili 200, yaani kilomita 370, ni Ukanda wa Uchumi wa Bahari, ambao wengi wetu tunauita Bahari Kuu. Ndani ya maili 12 upande wa Tanzania Bara, uvuvi husimamiwa na Wizara ya Mifugo na Uvuvi chini ya Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003. Upande wa Zanzibar, husimamiwa na Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi chini ya Sheria ya Uvuvi Na. 7 ya mwaka 2010. Nje ya maili 12, msimamizi ni Mamlaka ya Kusimamia Uvuvi wa Bahari Kuu, chombo cha Muungano chenye makao makuu Zanzibar, kinachofanya kazi chini ya sheria ya mwaka 2020.

Mgawanyo huu huonekana kama jambo la ofisini, lakini una maana kubwa kwa mwenye kukodi. Boti inayokwenda mwendo wa noti 20 huvuka maili 12 kwa muda wa dakika 36. Safari inayoanza katika maji ya wizara moja huweza kumalizikia katika maji ya mamlaka nyingine kabla chai ya asubuhi haijapoa. Kwa hiyo swali la kumuuliza mwenye boti si kama ana leseni tu. Aulizwe leseni hiyo inahusu maji yapi, inahusu uvuvi wa aina gani, na inakwisha lini. Mteja pia aulize kama ada ya leseni ya mvuvi wa burudani imeingizwa katika bei aliyotajiwa au anapaswa kuilipa mwenyewe.

Leseni ya uvuvi haithibitishi kwamba chombo ni salama. Usajili na ukaguzi wa vyombo vya majini ni kazi ya Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC) kwa upande wa Bara na Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar kwa upande wa Visiwani. Boti ya kukodi inapaswa kuwa na hati ya usajili, cheti cha ukaguzi ambacho hakijaisha muda wake, na nahodha mwenye cheti cha kazi yake. Nahodha aliyekamilika hutoa karatasi hizo bila kununa. Anayesema zimebaki nyumbani, au anayemtaka mteja alipe kwanza ndipo azione, amekwisha kujibu swali.

Yapo pia maji ambayo hayaingiwi na ndoana kabisa, hata kwa mwenye leseni. Maeneo tengefu ya Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini, yaliyo karibu kabisa na Jiji la Dar es Salaam, yamehifadhiwa chini ya Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu Na. 29 ya mwaka 1994, na uvuvi hauruhusiwi humo. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, imegawanywa katika kanda zenye masharti tofauti, na mwenye kutaka kuvua humo hana budi kupata maelekezo ya uongozi wa hifadhi kwanza. Zanzibar nako kuna hifadhi ya matumbawe ya Chumbe, ambayo haivuliwi. Nahodha mzoefu anaijua mipaka hii kwa alama za nchi kavu na kwa mtambo wa kuonesha mahali. Mteja naye hapotezi kitu akiuliza.

Baada ya karatasi, bahari yenyewe. Mwambao wetu unaongozwa na pepo mbili kuu. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi, na kusi hushika kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba au Oktoba. Katikati ya pepo hizo hupatikana vipindi vya utulivu, maleleji, ambavyo wavuvi huvipenda sana. Kusi ndiyo yenye nguvu zaidi, na huinua mawimbi marefu upande wa mashariki wa visiwa, ambako ndiko hasa maji ya kina yaliko. MV Skagit ilizama tarehe 18 Julai, 2012 ikitoka Dar es Salaam kwenda Zanzibar, katikati ya msimu wa kusi, na watu wengi walipoteza maisha. Ile ilikuwa meli ya abiria. Boti ya uvuvi wa burudani ni ndogo kuliko hiyo mara nyingi.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutoa utabiri wa bahari kila siku, pamoja na taarifa za hali mbaya ya hewa kwa siku tano zijazo. Taarifa hizo hutolewa kwa ngazi tatu: angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa, kila moja ikiwa na rangi yake, yaani njano, chungwa na nyekundu. Taarifa inapotaja upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2, watu wengi huona namba tu. Kwa mtu aliyefungwa mkanda wa kuvulia, ameshika fimbo kwa mikono miwili na mnyama mwenye uzito unaozidi wake akimvuta kuelekea ukingo wa boti, mita 2 ni tofauti kati ya mchezo na ajali. Nidhamu inayohitajika hapa ni ya fedha zaidi kuliko ya ujasiri: wateja na nahodha wakubaliane kwa maandishi, kabla ya malipo, kwamba nahodha ndiye mwenye neno la mwisho kuhusu kuondoka na kurudi, na kwamba safari ikiahirishwa kwa sababu ya hali ya hewa, fedha hurudishwa au siku hubadilishwa. Bila sharti hilo, nahodha hujikuta akipima mawimbi kwa macho ya mtu mwenye deni la mafuta.

Kuhusu vifaa vya uokoaji maelezo yanaweza kuwa mafupi. Jaketi okozi liwepo kwa kila aliyemo, la kumtosha, na livaliwe badala ya kulaliwa kama mto. Boti inayokwenda nje ya miamba iwe na injini ya pili inayowaka, jambo linalothibitishwa kwa kuiwasha kabla ya kung'oa nanga. Redio ya VHF iwe inasikika, kwa sababu mtandao wa simu hufifia kadiri nchi kavu inavyotoweka. Chaneli 16 ndiyo ya wito wa dharura duniani kote. Mtu mmoja aliyebaki nchi kavu ajue boti inaelekea wapi na inategemewa kurudi saa ngapi, na ajue ni nani wa kumpigia ikichelewa.

Sasa tumfikie papa mwenyewe, maana bila kumfahamu, masharti yote yanayomhusu huonekana kama usumbufu.

Papa si samaki mwenye mifupa. Kiunzi chake ni gegedu, kile kitu kigumu kinacholegea tulichonacho masikioni na puani. Hana kibofu cha hewa cha kumwelesha. Badala yake ana ini kubwa lenye mafuta mengi, yale ambayo mafundi wa majahazi wa pwani yetu wameyatumia kwa karne nyingi kupaka mbao za vyombo na kuyaita sifa. Akiwa majini, mwili huo hubebwa na maji kila upande. Akiinuliwa juu kwa mkia, uzito wote wa ini na viungo vya ndani hushukia kifuani na kichwani, na hakuna mbavu za kuuzuia. Papa anayeonekana mzima pichani, amening'inizwa kwa mkia kisha akarudishwa majini, huweza kuogelea mbele ya macho ya watu na kufa baadaye kwa majeraha ambayo hayaonekani.

Aina nyingi za papa wa bahari kuu pia hupumua kwa kuogelea. Maji huingia kinywani na kupita kwenye matamvua kwa sababu samaki anakwenda mbele. Papa aliyeshikiliwa kwa mshipi, anayepigana kwa saa nzima na mwishowe kusimamishwa ubavuni mwa boti, ni kama mkimbiaji aliyezibwa pua mwishoni mwa mbio. Uvumilivu wao haulingani. Utafiti uliofanywa katika maji ya Florida, Marekani, ulionesha kwamba papa nyundo, ambaye baadhi ya wavuvi wetu humwita mbingusi, huathirika vibaya sana na mapambano ya mshipi, ilhali papa mkubwa mwenye milia ubavuni hustahimili zaidi. Kwa maneno mengine, wapo papa ambao kuwaachilia ni kuwaokoa kweli, na wapo ambao njia bora ya kuwaokoa ni kutowanasa, au kukata mshipi mapema bila kusubiri picha.

Halafu kuna uzazi. Jodari na nguru hutaga mayai kwa mamilioni. Papa huzaa polepole, na wengine karibu kama wanyama wa nchi kavu. Papa wenye mkia mrefu kama mundu, ambao hutumia mkia huo kuwapiga dagaa, kwa kawaida huzaa watoto wawili tu kwa uzao mmoja. Papa mako jike hufikisha umri wa kuzaa akiwa na miaka inayokaribia 20, na hubeba mimba kwa zaidi ya mwaka. Samaki wa namna hiyo akipungua, hapati msimu mmoja mzuri wa kurudisha idadi yake. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2021 ulikadiria kwamba papa na taa wa bahari kuu wamepungua kwa asilimia 71 tangu mwaka 1970, sababu kubwa ikiwa ni uvuvi. Tathmini nyingine ya mwaka huohuo ilieleza kuwa zaidi ya theluthi moja ya aina zote za papa na jamii ya taa zimo hatarini kutoweka.

Hayo ndiyo yaliyozaa masharti tunayoyaona leo. Tanzania ni mwanachama wa Kamisheni ya Jodari ya Bahari ya Hindi, yenye makao yake Victoria, Shelisheli. Mwaka 2010 kamisheni hiyo ilipiga marufuku meli za wanachama kuhifadhi, kuhamisha, kushusha au kuuza papa wenye mkia wa mundu, na mwaka 2012 marufuku hiyo ilirudiwa kwa Azimio Na. 12/09. Wasomaji wengi wa azimio hilo huishia kwenye meli kubwa, lakini limo fungu linalowahusu wavuvi wa burudani kwa jina: papa hao waachiliwe wakiwa hai, wasihifadhiwe botini kwa hali yoyote, na wavuvi wa burudani wanaovua mahali penye uwezekano mkubwa wa kuwanasa wawe na vifaa vinavyofaa vya kuwaachilia. Sharti la mwisho ndilo husahaulika. Boti isiyo na kifaa cha kuchomolea ndoana wala mkasi wa kukatia waya haijajiandaa, hata kama nahodha ana nia njema kiasi gani.

Azimio jingine la kamisheni hiyo, la mwaka 2013, linahusu papa wa bahari kuu mwenye ncha nyeupe za mapezi. Hapo kamisheni iliweka nafuu kwa uvuvi mdogo unaofanyika ndani ya ukanda wa nchi husika kwa ajili ya mlo wa wenyeji. Tofauti hiyo ina busara yake. Mvuvi wa Mafia au Kojani anayetega jarife usiku na kuleta papa sokoni asubuhi anatafuta ada ya shule na unga wa jioni, na ng'onda wa papa ni kitoweo cha nyumba nyingi za pwani na bara. Masharti yanamhusu naye, na yanazidi kumhusu. Lakini mtu aliyelipa kwenda baharini kwa starehe hawezi kujificha nyuma ya shida ya mvuvi huyo. Yeye hatalala njaa kwa kumwachilia papa.

Kwa upande wa biashara na usafirishaji, Tanzania imeridhia tangu mwaka 1979 mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini, maarufu kwa kifupi CITES. Papa wameingia humo hatua kwa hatua: papa potwe mwaka 2002, papa nyundo na papa wa ncha nyeupe mwaka 2013, papa wenye mkia wa mundu mwaka 2016, papa mako mwaka 2019. Katika mkutano wa Panama wa mwaka 2022 iliingizwa familia nzima ya papa ambao ndio wengi zaidi katika maji yetu ya joto, na uamuzi huo ulianza kutumika Novemba 2023. Kwa hiyo mgeni au mwananchi anayetaka kuondoka nchini na taya la papa kama kumbukumbu, au na mapezi makavu kwa ajili ya ndugu aliye ng'ambo, aulize ofisi ya uvuvi kuhusu kibali kabla ya kufunga mzigo. Taya lililonunuliwa kihalali kwenye duka la mapambo huweza kuzuiliwa katika uwanja wa ndege wa nchi anakokwenda.

Papa potwe anastahili kutajwa peke yake. Ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani. Hula viumbe vidogo vya majini, na kila mwaka, hasa kati ya Oktoba na Machi, huonekana karibu na Kilindoni, Mafia, ambako watu huenda kuogelea naye. Mwaka 2017 aliingizwa katika orodha ya juu ya mkataba wa viumbe wanaohamahama, ambao Tanzania ni mwanachama wake, na orodha hiyo huzitaka nchi kuzuia kuvuliwa kwake. Boti ya uvuvi inayomwona papa potwe ipandishe mishipi yake na kupita mbali. Kumwaga damu na matumbo ya samaki kwa ajili ya kuwaita papa wengine mahali ambapo watalii wanaogelea naye ni uzembe, na mwongozaji anayefanya hivyo asirudiwe na mteja yeyote.

Turudi kwenye vifaa, kwa sababu hapa ndipo uamuzi wa mteja wa kabla ya safari unapokuwa na uzito mkubwa zaidi. Ndoana ya duara, ambayo ncha yake imepinda kurudi ndani, kwa kawaida hushika pembeni mwa mdomo. Ndoana ya kawaida yenye umbo la herufi J humezwa mara nyingi zaidi na kuchana tumbo. Ndoana ya chuma kisichoshika kutu hubaki mwilini kwa muda mrefu ikikatiwa humo, lakini ile ya chuma cha kawaida huoza na kutoka. Kile kijino kinachozuia ndoana isichomoke huweza kubanwa kwa koleo kabla ya kutupa mshipi, kazi ya nusu dakika. La mwisho linawashangaza wengi: mshipi mzito ni wa huruma kuliko mwembamba. Wapo wanaojivunia kumshinda papa mkubwa kwa uzi mwepesi baada ya saa tatu, na sifa zote huwaendea wao. Samaki aliyeburutwa kwa saa tatu hana tena nguvu ya kuishi. Mwenye nia ya kumwachilia hutumia fimbo imara na mshipi mzito ili mapambano yaishe mapema.

Akifika ubavuni, papa haingii botini. Nahodha huiacha boti isogee mbele taratibu ili maji yaendelee kupita kwenye matamvua. Baharia mmoja hushika waya akiwa na glovu, bila kuuzungusha mkononi, kwa maana papa akijirusha ghafla waya uliozungushwa huondoka na vidole. Mwingine hutumia kifaa chenye mpini mrefu kuchomoa ndoana. Ikiwa imeingia ndani, hukata mshipi karibu na ndoana kadiri anavyoweza, kwani waya mrefu unaoachwa ukining'inia humsumbua samaki kwa siku nyingi. Kulabu haitumiki, wala kamba ya mkiani. Picha hupigwa akiwa majini. Mteja hukaa nyuma ya mabaharia, mikono yake ikiwa ndani ya ukingo wa boti. Matukio ya papa kumng'ata mtu bila kuchokozwa ni machache sana, hayafiki 100 kwa mwaka duniani kote. Papa aliyenaswa, anayevutwa na kushikwa, hayumo katika hesabu hiyo, naye ana kila sababu ya kung'ata.

Anayekusudia kupeleka nyumbani papa wa aina inayoruhusiwa, kwa leseni inayoruhusu, azingatie mambo mawili. Kwanza, mapezi hayakatwi na mwili kutupwa baharini. Kwa papa anayeshushwa mbichi, kanuni ya kamisheni iliyotajwa juu ni kwamba mapezi yafike nchi kavu yakiwa yameungana na mwili. Pili, papa mkubwa ameishi miaka mingi akila samaki wengine, na zebaki iliyomo katika samaki hao hukusanyika mwilini mwake. Mamlaka za afya za Marekani na Uingereza huwashauri wajawazito wasile papa kabisa, na wataalamu huwahesabu watoto wadogo katika kundi hilohilo la kulindwa. Kipande cha papa mdogo cha siku moja moja si sawa na mzoga wa kilo 100 uliogawiwa ukoo mzima.

Boti inaporejea, kazi haijaisha. Aina, idadi na makadirio ya urefu wa papa walionaswa, pamoja na walioachiliwa, viandikwe na kuwasilishwa kwa ofisi iliyotoa leseni. Samaki akiwa na kibandiko chenye namba, namba hiyo isomwe na kuandikwa pamoja na tarehe na mahali alipoonekana, kisha aachiwe nacho. Mwananchi aliyeshuhudia uvuvi ndani ya eneo tengefu, au mapezi yakishushwa bila mwili, atoe taarifa kwa afisa uvuvi wa wilaya au kwa kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi (BMU) cha eneo husika. Kwa Zanzibar, taarifa hupelekwa kwa kamati ya wavuvi ya shehia.